Mashindano ya Blanketi la Viraka: Tupime Mkono wa Mtoto

Shabaha ya makala hii ni kutoa rai yetu juu ya jambo moja la ufundishaji wa kazi za mikono katika shule za msingi, nalo ni mashindano ya kushona kwa kufuata mada. Mfano tuliouchagua ni ushonaji wa blanketi la viraka, na mahali tulipopachagua kwa kuufikiria mfano huo ni Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga, jirani na ukanda wa machimbo ya dhahabu ya Geita. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Kakola, Bugarama au Ilogi atakuta darasani watoto wa wakulima wa pamba na mpunga, watoto wa wachimbaji wadogo, na watoto wa waajiriwa wa mgodi, wote wamekaa dawati moja. Watoto hao hawana vitu sawa nyumbani. Kwa hiyo kila shindano atakalolianzisha mwalimu laweza kuwaunganisha, na laweza pia kuwatenga.

Rai yetu kwa ufupi ni hii: katika mashindano ya shule, kile kinachopewa alama ndicho kinachofundishwa. Tukilipa alama blanketi lililokwisha, watoto watajifunza kumtafuta fundi. Tukiupa alama mkono wa mtoto, watajifunza kushona, kupima, kufikiri, na kufanya kazi pamoja na wenzao. Yafuatayo ni maelezo ya rai hiyo, pamoja na njia ambayo mwalimu mgeni kazini aweza kuitumia.

Blanketi la viraka

Hapana budi kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Blanketi la viraka ni kifuniko chenye matabaka matatu. Tabaka la juu ni vipande vingi vya vitambaa vilivyokatwa kwa kipimo na kuunganishwa kimoja kimoja. Tabaka la kati ni kijazo, kama vile pamba, blanketi kuukuu, au shuka zilizochakaa. Tabaka la chini ni bitana ya kitambaa kimoja. Matabaka hayo matatu hushikizwa pamoja kwa mishono inayopita toka juu hadi chini, ili kijazo kisijikusanye pembeni. Ni jamaa ya lile tandiko lililojazwa pamba ambalo watu wa pwani huliita mfarishi, ila uso wake umetengenezwa kwa vipande.

Ufundi huu kwa umbo lake hili si wa asili katika Usukuma, nasi hatudai hivyo. Lakini kila kilichomo ndani yake kinajulikana pale. Mkoa wa Shinyanga ni miongoni mwa mikoa ya pamba nchini. Katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mkoani Mwanza, ndiko zilikotoka mbegu za pamba zinazoitwa kwa herufi UK, kama UK 82 na UK 91. Kitenge, khanga na kaniki zimo katika kila nyumba, na nguo zikichakaa hutiwa viraka. Mtoto wa Bulyanhulu anaijua pamba ikiwa shambani na anaijua nguo ikiwa mwilini. Lakini hatua zilizo baina ya shamba na mwili hazijui. Blanketi la viraka lampitisha katika baadhi ya hatua hizo kwa mkono wake mwenyewe.

Wala hatuoni haya kuchukua ufundi wa mbali. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, wazawa wa watumwa waliolimishwa pamba walishona mablanketi kwa vizazi vingi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa: suruali za shambani, mashati, na magunia. Walishona kwa sababu ya baridi na umaskini. Mnamo mwaka 2002 mablanketi yao yalionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa huko Houston, na watu walioyatazama wakakiri kwamba ile ilikuwa sanaa ya hali ya juu. Waliolima pamba waliijua thamani ya kitambaa kilichochakaa. Huko nako, kama kwetu, goti la suruali lililopauka lilikuwa ni ushahidi wa kazi iliyofanyika.

Funzo la mwaka 1933

Sasa tuje kwenye mashindano. Shindano kubwa mno la mablanketi ya viraka lilifanyika Marekani mwaka 1933, wakati wa maonyesho ya dunia yaliyokuwa Chicago. Kampuni ya biashara ya Sears iliwaalika wanawake wa nchi nzima kupeleka mablanketi waliyoyashona. Ilikuwa miaka ya dhiki, kazi hazikuwapo, na zawadi ya kwanza ilikuwa dola 1,000, fedha ambazo mkulima wa wakati ule hakuzipata kwa urahisi hata kwa mwaka mzima. Kukawa na ahadi ya dola 200 zaidi endapo mshindi wa kwanza atakuwa ameifuata mada ya maonyesho, yaani maendeleo ya karne moja. Yalipelekwa mablanketi karibu 24,000.

Matokeo yake yatufundisha mambo mawili. La kwanza, wanawake wengi walihangaika na mada ile. Walichora kwa vitambaa magari ya moshi, ndege, majumba marefu na taa za umeme. Lakini waamuzi wa mwisho walilipa ushindi blanketi lenye nyota za mtindo wa zamani, lililoshonwa kwa ustadi mkubwa, ambalo halikuigusa mada hata kidogo. Waliojitahidi kufikiri waliona kwamba wamedanganywa, na baadhi yao waliandika barua za kulalamika.

La pili ni zito zaidi. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mwanamke aliyepokea zawadi ya kwanza hakushona blanketi lile. Alikuwa mwenye duka katika jimbo la Kentucky, na kazi yote ilifanywa na wanawake aliowaajiri kwa ujira mdogo. Masharti yalitaka mshindani awe ameshona mwenyewe. Wale walioshona walinyamaza kwa kuogopa kuikosa kazi, na katika zile dola hawakugawiwa chochote. Blanketi lenyewe lilipelekwa kwa mke wa Rais wa nchi ile likiwa zawadi.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu mbegu yake imo katika shule zetu. Mwalimu hutangaza kwamba kila mtoto alete Ijumaa kitambaa alichokitarizi. Ijumaa vitambaa hufika. Kimoja kimeshonwa na mama, kingine na dada aliyemaliza shule, kingine na fundi cherehani wa sokoni kwa malipo. Kitambaa kibaya kilichopinda, chenye mafundo ya uzi na alama ya damu ya kidole, ndicho pekee kilichoshonwa na mwanafunzi, nacho hupewa alama 30. Siku hiyo mtoto yule amefundishwa somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba kazi ya mkono wake haina thamani, na kwamba mwenye fedha hununua mkono wa mwingine. Katika ukanda wa dhahabu, ambako mtoto huona kila siku fedha ikipita mikono mingi kabla ya kufika kwa aliyechimba, somo hilo hulikuta shamba limekwisha kulimwa.

Ushindani tuliourithi

Wako wanaosema kwamba mashindano yote ni mabaya, kwamba yanaleta husuda, na kwamba Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 ilitaka ushirikiano. Sisi twaafiki kwamba ushirikiano ndio msingi. Lakini ushindani nao una mila yake katika nchi ya Usukuma, na mila hiyo yafaa kuchunguzwa na mwalimu.

Baada ya mavuno, yaani kati ya Juni na Agosti, vyama vya ngoma vya Wasukuma hushindana uwanjani. Vyama hivyo vimo katika makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, ambayo husemekana kuwa yalitokana na mahasimu wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Pande mbili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ule upande unaovuta watazamaji wengi zaidi ndio hushinda. Hufanyika maandalizi mengi: nyimbo hutungwa, mavazi hutengenezwa, na wachezaji wa bugobogobo hufanya mazoezi ya kurusha majembe hadi mikono yote iende pamoja.

Tuangalie mambo matatu katika mila hiyo. Kwanza, wanaoshindana ni makundi, wala si mtu mmoja mmoja. Dhaifu hubebwa na wenzake, naye hujifunza kutoka kwao. Pili, kazi yote hufanyika mbele ya macho ya watu. Hakuna awezaye kumkodi mwingine achezee miguu yake. Tatu, watazamaji wanajua kinachopimwa. Mashindano ya kushona yakijengwa juu ya nguzo hizo tatu hayatakuwa kitu kigeni Bulyanhulu. Wazazi watayaelewa tangu siku ya kwanza.

Kuchagua mada

Mada ndiyo roho ya shindano la namna hii. Walakini walimu wengi huchagua mada kubwa mno. Tukiwaambia watoto washone "Maendeleo" au "Amani", watashona bendera na njiwa, kwa kuwa ndivyo walivyoviona katika vitabu. Mada nzuri ni ile ambayo mtoto aweza kwenda kuitazama kabla ya kuishona. Tunatoa mifano minne: "Njia ya kuja shuleni", "Maji yetu yanatoka wapi", "Kazi za mikono ya nyumbani kwetu", "Safari ya pamba". Kwa mada ya maji, mtoto mmoja atashona kisima cha kuchimba kwa mkono, mwingine atashona dumu la njano juu ya baiskeli, na mwingine bomba linaloleta maji ya Ziwa Viktoria toka Ihelele kuelekea Shinyanga na Kahama. Vipande hivyo vikikaa pamoja, darasa limekwisha kutengeneza somo zima la jiografia ya mahali pake.

Iko mada nyingine ambayo itajileta yenyewe, nayo ni dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ni wa chini ya ardhi, nao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Kabla yake walikuwapo wachimbaji wadogo, ambao waliondolewa katika eneo hilo mwezi Agosti mwaka 1996. Habari za siku zile zimesimuliwa kwa namna zinazopingana, na katika nyumba nyingine zingali zikisimuliwa kwa uchungu. Aidha, wako watoto ambao baba au kaka zao waliumia au kufia katika mashimo madogo kwingineko katika ukanda huu. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Je, mwalimu aikimbie mada hiyo? Hatudhani. Mtoto anayeishi juu ya dhahabu hawezi kukatazwa kuiwaza. Lakini twashauri mwalimu asiitangaze dhahabu kuwa mada ya kulazimishwa, wala asimshurutishe mtoto yeyote kueleza kipande chake mbele ya wenzake. Ikiwa mada ni "Kazi za mikono ya nyumbani kwetu", mtoto atakayependa kushona sururu, karai au taa ya kichwani atashona. Na ikiwa mtoto ataleta kipande cha kaniki kitupu, cheusi, kisicho na picha, mwalimu asiseme kwamba kazi haijakwisha. Amwulize kwa faragha na kwa upole, na akinyamaza amwache. Kipande hicho kitashonwa pamoja na vingine, nacho kitapata alama za mshono na kipimo kama vingine. Alama za wazo zitatolewa kwa kundi lake lote, kama tutakavyoeleza, hivyo hakuna atakayepungukiwa kwa sababu ya kunyamaza.

Kapu moja

Baada ya mada yaja suala la vitambaa. Hapa ndipo tofauti za majumbani hujitokeza. Mtoto mmoja ataleta satini na kitenge kipya. Mwingine ataleta kipande cha sare iliyochanika. Wa tatu, anayekaa na bibi yake, hatakuwa na kitu. Ikiwa kila mtoto atashona kwa alicholeta, basi ushindi umekwisha kugawanywa kabla sindano haijachomwa.

Dawa yake ni rahisi. Darasa liwe na kapu moja. Kwa muda wa majuma mawili kila anayeweza alete mabaki: mapande ya khanga, mashati, mifuko ya magunia ya nguo, na suruali za kazi. Mwalimu awatembelee mafundi cherehani wa sokoni, kwa kuwa chini ya kila cherehani hubaki vipande ambavyo aghalabu hutupwa. Ovaroli kuukuu ni hazina, maana kitambaa chake ni kigumu na kinafaa kwa kingo. Vitambaa vyote vifuliwe, vikaushwe juani na kunyooshwa, kisha vitiwe kapuni bila ya kuandikwa jina. Siku ya kukata, kila kundi lichague kwa zamu, kipande kimoja kimoja. Hapo satini ya tajiri na kaniki ya bibi zimekuwa mali ya darasa.

Vifaa vingine ni vichache: sindano, uzi, mikasi, futi ya fundi, chaki, na kiolezo cha mraba kilichokatwa katika boksi gumu. Sindano moja kwa watoto wawili yatosha, mmoja akishona na mwenziwe akishika kitambaa na kuhesabu. Sindano zichomekwe katika kadi yenye nambari, zihesabiwe zinapotoka na zihesabiwe tena zinaporudi. Mtoto asiruhusiwe kutoka darasani mpaka kadi imejaa. Urefu wa uzi usizidi mkono wa mtoto, toka begani hadi ncha za vidole, kwani uzi mrefu hujifunga mafundo na kumkatisha tamaa.

Hesabu iliyomo ndani ya blanketi

Wako walimu watakaosema kwamba muda wa kushona hawana, kwa sababu ya mtihani. Kwao tunaonyesha hesabu zifuatazo, ambazo mtoto wa darasa la tano aweza kuzifanya.

Tuchukue darasa la wanafunzi 48. Kila mmoja ashone mraba mmoja ambao, baada ya kuunganishwa, utakuwa na sentimita 20 kila upande. Miraba 6 kwa upana na 8 kwa urefu hufanya blanketi la sentimita 120 kwa 160. Lakini kila ukingo hula sentimita 1 ya mshono. Kwa hiyo mraba haukatwi kwa sentimita 20, bali kwa 22. Kundi litakalosahau jambo hilo na kukata kwa sentimita 20 litapata miraba ya sentimita 18, na blanketi lake litakuwa la sentimita 108 kwa 144. Kosa dogo la sentimita 1 limeondoa sentimita 12 za upana na 16 za urefu, na miguu ya mlalaji imebaki nje. Sijui kama liko zoezi la ubaoni linaloweza kumwonyesha mtoto maana ya kosa la kipimo kuliko hilo.

Tuendelee. Khanga moja ina takriban sentimita 110 kwa 150. Je, itatoa miraba mingapi ya sentimita 22? Kwa upana itatoa 5 kamili. Kwa urefu itatoa 6, na kubakiza sentimita 18. Jumla ni miraba 30. Na je, blanketi lote lina maungio mangapi? Katika kila safu ya miraba 6 mna maungio 5. Safu ni 8, hivyo ni 40. Baina ya safu na safu mna maungio 6. Nafasi ni 7, hivyo ni 42. Jumla ni maungio 82 ya sentimita 20, yaani mita 16 na sentimita 40 za mshono. Mtoto akichoma sindano mara 2 katika kila sentimita, darasa litakuwa limechoma mara 3,280. Tukigawa kwa wanafunzi 48, kila mmoja amechoma mara 68 hivi. Kazi iliyoonekana kuwa mlima imekuwa kichuguu. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa mtoto amekihesabu kibaba chenyewe.

Sayansi nayo imo. Kwa kijazo, shule yenye shamba la pamba yaweza kutumia pamba yake. Watoto waondoe mbegu kwa mkono, wapime kabla na baada, nao wataona kwamba kilo 3 za pamba mbegu hutoa kiasi cha kilo 1 tu ya pamba nyuzi. Hapo ndipo watakapoelewa kazi ya kiwanda cha kuchambulia. Kisha waulizwe: kwa nini pamba hutia joto na hali yenyewe haina moto? Jibu ni hewa iliyozuiliwa baina ya nyuzi, ambayo huzuia joto la mwili lisitoke upesi. Na kwa nini tunashona matabaka yote matatu pamoja kila baada ya upana wa kiganja? Kwa kuwa pamba isiyoshikizwa hujikusanya, na mahali palipobaki patupu baridi hupita.

Namna ya kutoa alama

Sasa tunafika kwenye kiini. Twapendekeza darasa ligawanywe katika makundi 8 ya wanafunzi 6, wavulana na wasichana wakichanganyika. Hatukubaliani na desturi ya kuwapa wasichana sindano na wavulana jembe. Mafundi cherehani wengi wa masoko yetu ni wanaume, na kifungo cha shati humkatikia kila mtu. Kila kundi lishone safu moja ya miraba 6. Kazi yote ifanyike shuleni, mbele ya mwalimu, na vipande vibaki shuleni katika kabati au sanduku. Hii ndiyo kanuni moja isiyo na msamaha. Ikivunjwa, mengine yote yamevunjika.

Alama 100 zigawanywe hivi. Wazo la mada, jinsi kundi lilivyotazama na kulipanga, alama 25. Kipimo na hesabu, zikiwamo zile za daftarini, alama 20. Mshono, alama 25. Na hapa mwalimu apime maendeleo ya mtoto, akilinganisha mchomo wake wa juma la kwanza na wa juma la mwisho. Kwa ajili hiyo kila mtoto ashone siku ya kwanza kipande cha majaribio, nacho kitunzwe kikiwa na jina lake. Ushirikiano, alama 20: nani alimfundisha mwenziwe, nani alirudia kazi ya kundi ilipoharibika. Usafi na utunzaji wa vifaa, alama 10. Alama za wazo na za ushirikiano ni za kundi zima. Za mshono ni za mtoto mmoja mmoja, kisha huchukuliwa wastani wake kwa ajili ya kundi.

Yafaa jedwali hilo libandikwe ukutani kabla ya kazi kuanza, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Wale wanawake wa 1933 waliambiwa kitu kimoja wakapimwa kwa kitu kingine. Mwalimu asilifanye jambo hilo kwa watoto.

Siku ya kilele makundi yashone safu zao pamoja uwanjani, wazazi wakitazama. Kwanza wapige bandi, yaani ule mshono mrefu wa muda wa kushikiza tu, kisha washone mshono wa kudumu, ndipo bandi ifumuliwe. Mzazi atakayemwona mwanawe akishona hatauliza kama kazi ni yake. Huo ndio uwanja wa Bagika na Bagalu ulioletwa shuleni.

Mwisho wa shindano, blanketi ni moja. Kundi lililoshinda halilichukui nyumbani, kwani makundi manane yamelitengeneza. Ushindi wake ni haki ya kupendekeza mahali blanketi litakapokwenda, na darasa lote likubali: huenda ni zahanati, kwa mama aliyejifungua, huenda ni chumba cha mapumziko cha wagonjwa shuleni. Lisitolewe kwa mwanafunzi mwenzao mbele ya hadhara, hata akiwa hana blanketi, maana msaada wa namna hiyo huvika aibu. Mcheza kwao hutuzwa, na tuzo iliyo bora kwa mtoto ni kuiona kazi yake ikitumika.

Hoja zilizobaki

Hatuwezi kumaliza bila kujibu hoja mbili. Ya kwanza ni wingi wa wanafunzi. Darasa la 96 laweza kushona mablanketi mawili, kila nusu ya darasa ikishona lake. Wakati nusu moja inashona, nyingine ifanye zile hesabu. Kazi yaweza kuchukua majuma manane kwa kipindi kimoja cha sanaa kila juma pamoja na saa moja baada ya masomo. Asiyeweza blanketi zima na aanze na mfuko wa kuwekea chaki wenye miraba minne.

Ya pili yatoka kwa wazazi, nayo ni ngumu: "Mtoto wangu atashona viraka, na mwenzake aliyeacha shule anarudi jioni na fedha toka machimboni." Mwalimu asiidharau hoja hiyo. Blanketi la viraka halitashindana na fedha ya siku moja, na tusidanganye kwamba litashindana. Lakini sababu moja inayomwondoa mtoto shuleni ni kuona kwamba pale hakuna kinachotoka mkononi mwake isipokuwa daftari lenye alama nyekundu. Mtoto ambaye shule imemfanya atengeneze kitu cha kweli, kilichopimwa kwa haki, ana sababu moja zaidi ya kurudi Jumatatu.

Basi, ndugu wanachuo, tunawaachia kazi. Kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, kila mmoja wenu akate mraba wa sentimita 22, achague jambo moja la mahali anapotoka, na alishone kwa mkono wake bila msaada, awe mwanamume au mwanamke. Atajichoma vidole, na uzi utamfunga mafundo. Mraba huo auchukue aende nao darasani, aushike mbele ya watoto, na awaeleze ni wapi ulipompa taabu.